Mguu wa Kabula

Kwanza niwaondoe farasi njiani. Kila nikisema nilifundisha polo, kijana anayenisikiliza huchungulia nyuma ya nyumba yangu hapa Gongoni, Tabora, kana kwamba atakuta zizi. Polo yetu ilikuwa ya baiskeli. Wachezaji watatu kwa watatu, kila mmoja juu ya baiskeli yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika nyundo ndefu ya mti, na mpira mdogo mgumu unaotafutiwa goli. Mkuu wetu wa shule alipolisikia neno hilo mara ya kwanza aliniuliza farasi nitawatoa wapi. Mzazi mmoja wa Isikizya akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba kama punda watafaa yeye anao wawili, ila mmoja anauma.

Ninawaandikia ninyi mnaoanza kazi ya kufundisha watoto michezo. Mambo mengi mtayakuta vyuoni, lakini hili hamtalikuta, nalo ni wivu wa mwalimu. Siku moja mtoto uliyemlea uwanjani atafundishwa na mtu mwingine jambo lile lile lililokushinda, naye atalishika mbele ya macho yako. Ni vizuri mjiandae.

Mimi wivu naujua tangu utoto. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na kibanda chake kilikuwa karibu na soko. Kaka yangu ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa spoku kwanza, kwa kuwa ni mwanamume. Mimi nikapewa beseni la maji la kutafutia pancha. Nilimwonea wivu mpaka tukila nampa mgongo. Lakini beseni lile lilikaa nyuma yake, na kutoka pale nilikuwa naona kila anapokosea. Siku baba alipomwambia kwa mara nyingine kwamba rimu bado inayumba, mimi nilikuwa nimeshajua ni spoku ipi. Nikaigusa kwa kidole. Baba alinitazama kidogo, akaninyooshea ufunguo.

"Usikaze kwa macho, Mwamini," aliniambia. "Gonga, usikilize. Iliyolegea inaongea kama mtu aliyeshiba."

Kwa hiyo msiuogope wivu. Uwekeni mahali unapoweza kuona kazi ikifanyika, hata kama ni nyuma ya beseni, nao utawafundisha. Nitawaambia ulivyonifundisha mara ya pili, na mara hii ulinigharimu zaidi.

Timu yetu tuliijenga kwa vitu vilivyokuwapo. Mpini wa nyundo tulichonga kwa mti wa mkole, maana unapinda bila kuvunjika. Kichwa kilikuwa cha mninga, mabaki ya mafundi seremala. Pale pa kushikia tulizungushia vipande vya mpira wa ndani wa tairi, ili jasho lisiutelezeshe mkono. Spoku tulizifunika kwa plastiki ya madumu yaliyopasuliwa, tukaikata duara, mpira usije ukapenya katikati ya gurudumu. Mkipata vifaa vya dukani, vitumieni. Mkikosa, msiseme hamna vifaa.

Sheria moja ya mchezo ndiyo inayohusu habari hii. Mguu usiguse chini. Ukigusa umejitoa, na huruhusiwi kuugusa mpira mpaka uende pembeni ya uwanja, ugonge nguzo kwa nyundo yako, urudi. Wenzako wanabaki wawili dhidi ya watatu, na mara nyingi goli linafungwa wakati wewe unaitafuta nguzo.

Sasa Kabula. Alitoka Goweko, kwa wakulima wa tumbaku, Wamoraviani wanaosali kabla ya kula na baada ya kula. Mjini alikaa kwa shangazi yake, na shule alikuja kwa baiskeli. Kuendesha alijifunza akisomba majani ya tumbaku kutoka shambani hadi bani, ile nyumba ya kukaushia, kwenye njia ya mchanga mtupu. Niwaeleze kwa nini hilo ni jambo kubwa. Watu wanadhani polo ya baiskeli ni mbio. Kasi kila mtu anayo. Kazi ni kwenda polepole bila kuanguka, kugeuka mahali padogo, kungoja. Mtu aliyepitisha mzigo kwenye mchanga kila siku ya mavuno anayajua hayo kabla hajashika nyundo. Nilipomwona siku ya kwanza nilikwenda nyuma ya darasa nikacheka peke yangu.

Lakini alikuwa na kilema kimoja, na kilema chenyewe kilikuwa adabu. Huko kwao mtoto aliye juu ya baiskeli akikutana na mtu mzima, anashuka. Anashuka kwanza, ndipo anaamkia. Kumwamkia mkubwa umekaa juu ya siti ni kumdharau. Kabula alikuwa amelelewa hivyo barabara, na mwili wake haukujua tofauti kati ya njia ya Goweko na uwanja wa polo. Mechi iko moto, mzee anapita nyuma ya goli, Kabula huyo chini, magoti yameinama: shikamoo. Palikuwa na mzee mmoja muuza asali ambaye kila tukicheza lazima apite pale na dumu lake. Nadhani alikuwa anapita makusudi.

Nilihangaika na mguu ule miaka miwili. Nilihamisha benchi la wageni. Nilifunga kamba ili watu wasikatize uwanja. Nilikemea. Na kila asubuhi, langoni mwa shule, Kabula akiniona alikuwa anashuka kwenye baiskeli kwa ajili yangu, anaishika kwa mikono miwili, ananiamkia. Wanafunzi wengine walinipungia mkono wakapita. Uwanjani nilikuwa naukemea mguu ule ule nilioufurahia langoni.

Ndipo shule moja ya Bujumbura, yenye timu ya siku nyingi, ikatualika tukafanye mazoezi nao wakati wa likizo. Tulikwenda kwa treni hadi Kigoma. Mkisafirisha baiskeli kwa treni, fungueni pedali, na kila mchezaji aweke zake kwenye begi lake mwenyewe. Pedali ikipotea, mchezaji wenu bora amegeuka mtembea kwa miguu. Geuzeni usukani ulale na fremu, kisha mfunge kwa vipande vya mpira, siyo kamba, maana kamba hulegea treni ikitikisika.

Baba yake Kabula alikuja stesheni Tabora na dumu la asali na mfuko wa matobolwa, vile viazi vitamu tunavyovichemsha na kuvikausha. Alimwambia binti yake kwamba yeye ndiye kirangozi, kama yule mtu aliyetangulia mbele ya misafara ya zamani kwenda Ujiji, na kwamba kirangozi anatangulia njia, kwenye chakula anakuwa wa mwisho. Kisha akanigeukia, akaniambia amenikabidhi mtoto.

Njiani wachezaji wangu wawili wengine hawakunyamaza. Rama, mtoto wa hapa hapa Gongoni, alisema mababu walibeba pembe za ndovu mabegani, sisi tumebeba baiskeli kwenye treni, sijui nani mjinga. Sizya akamjibu kwamba wale angalau walilipwa nguo, sisi tunalipwa matobolwa. Kabula aligawa kila mlo, akala mwisho. Kutoka Kigoma tulichukua basi dogo hadi mpakani Manyovu. Ofisa alizigeuza nyundo zetu, akauliza ni za nini. Rama akamwambia ni za polo. "Na farasi?" akauliza ofisa.

Kuona uwanja wa wenyeji wetu nilishikwa na wivu kabla sijaweka mzigo chini. Sakafu ya saruji, laini kama meza, imezungushiwa mbao. Sisi nyumbani tulicheza kwenye uwanja wa netiboli uliopasuka, na nyufa zake tulizijua kwa majina. Baiskeli zao fupi, nyepesi. Zetu ndefu, zile za kubebea magunia, tumezing'oa keria tu. Kocha wao hakuwapo, wakatuambia tuanze mechi ya kujuana.

Watoto wangu walianguka sana mwanzo. Nilikuwa sijaongeza upepo kwenye matairi. Kwenye njia za kwetu za mchanga tairi hutakiwa laini kidogo, lakini kwenye saruji linatakiwa gumu. Tukaongeza, wakatulia. Na hapo Kabula akafungua njia. Aliupitisha mpira katikati ya wawili, wa tatu akamwacha amegeukia ukutani, goli likabaki wazi mbele yake, karibu kiasi cha kulifunga kwa kikohozi.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Akaingia mwanamume mwenye nywele nyeupe kichwa kizima, amekumbatia mikate. Alikuwa Kocha Bosco. Baadaye nilijua kwamba kiumri mimi ni mkubwa kwake, mvi zilimwahi tu. Lakini Kabula aliona kichwa cheupe, na mwili ukafanya kazi yake. Akashuka. Akaishika baiskeli kwa mikono miwili, magoti yakainama.

"Shikamoo, mzee."

Mpira uliendelea peke yake, polepole, ukaligusa goli kwa nje, ukasimama. Watoto wa Bujumbura walicheka mpaka wakakaa chini. Rama akapaza sauti kwamba kirangozi ametua mzigo. Mimi nilitamani sakafu ile nzuri inimeze.

Bosco hakucheka. Aliiweka mikate juu ya ubao, akangoja kelele ziishe.

"Marahaba, mwanangu. Goli uliliona?"

"Niliona, mzee."

"Na miye uliniona."

"Ndiyo."

"Basi ulichagua," akasema, akaichukua mikate yake akaenda kuikata.

Kesho yake alimwita Kabula pembeni, nami nikasogea. Alimwonyesha kusimama tuli juu ya baiskeli bila kuweka mguu chini. Niwaeleze, maana mtalihitaji. Gurudumu la mbele uligeuze kidogo upande mmoja. Pedali ziwe sawa, moja mbele na nyingine nyuma. Mguu wa mbele usukume kidogo sana, uachie, usukume, uachie, baiskeli iwe kama inapumua. Usitazame tairi, tazama mbali. Hayo hata mimi nilikuwa nayajua kwa maneno. Kilichofuata sikukijua.

"Munapokutana na mukubwa, kwa nini munashuka?" alimwuliza kwa Kiswahili cha kwao.

Kabula alifikiri. Akasema ni kwa sababu huwezi kumpita tu mtu mzima kama unapita mti.

"Sawa. Basi usimupite. Simama. Ukisimama hujamupita. Mguu ni wa nini?"

Halafu, wanangu, akaingia uwanjani. Mazoezi yale yote Bosco alitembea katikati ya uwanja, mikono nyuma, anakatiza huku, anatokea kule. Kila alipomkaribia Kabula, Kabula alipaswa kusimama bila kushuka, amwamkie, aitikiwe, aendelee na mpira. Mara ya kwanza alianguka kama gunia. Akaanguka tena. Kabla ya siku ile kwisha alisimama mpaka marahaba ikatoka.

Mimi miaka miwili nilikuwa nawaondoa wazee njiani. Yeye alijiweka njiani.

Jioni sahani yao ya maharage na ndizi niliirudisha nusu. Sizya akaniuliza kama naumwa. Rama akamjibu kwamba mwalimu haumwi, mwalimu anaona wivu. Nikamwambia Rama akaoshe masufuria. Lakini alikuwa amesema kweli. Kila siku Kabula alikuwa anamwamkia mtu yule mara zisizohesabika, kwa furaha, na mimi asubuhi naamkiwa mara moja kama kila mtu. Nilimtafuta Bosco kosa. Nilipata moja: alikuwa anakaza spoku kwa macho. Lilinipa raha ya siku nzima.

Baadaye nikakumbuka beseni. Nikasimama nyuma ya Bosco kama nilivyosimama nyuma ya kaka yangu, nikatazama. Hapigi filimbi. Mtoto akikosea hamwambii alichokosa, anamwuliza alichoona. Tabia ya mtoto haivunji, anaitafutia kazi. Niliyabeba yote hayo nikiwa nimekunja uso, na nimeyatumia mpaka nilipostaafu.

Siku zikikaribia kwisha Bosco akanifuata nikiwa nafungua pedali tayari kwa safari ya kurudi.

"Mwalimu, huyu mutoto mumuache kwangu. Shule itamupokea. Atalala na binti zangu."

Nikamwita Kabula, nikamwuliza mwenyewe anasemaje. Nilitarajia ataangalia chini, aseme nyumbani ni nyumbani. Alinitazama usoni.

"Nataka kubaki, mwalimu."

Nikampigia simu baba yake. Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akichanja kuni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema yeye polo haijui, neno nitakalolisema mimi ndilo atakalolisema yeye.

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Nilikuwa na sababu njema ya kumrudisha. Kabula alikuwa kidato cha tatu, mtihani wa kumaliza unamngoja mwaka unaofuata, na kule wanasoma kwa Kifaransa. Mwalimu yeyote angesema arudi. Shida yangu ni kwamba wivu nao ulikuwa unasema arudi. Mwalimu na wivu wamekaa kiti kimoja, wanasema neno moja, nami siwezi kujua ni nani kati yao anayetumia mdomo wangu.

"Baba Kabula," nikamwambia, "kabla sijakujibu, ujue nina wivu. Huyu bwana anamfundisha mwanao kunishinda mimi. Nimeona kwa macho yangu."

Nilimsikia akimwambia mchanja kuni angoje.

"Mwalimu," akasema, "mimi shemeji yangu ananishinda kulima, na sijawahi kumwambia mtu." Akacheka kidogo. "Haya. Sasa najua uzito wa neno lako. Sema."

"Arudi, amalize kidato cha nne. Halafu aje huku."

"Aje huko?"

Kama palikuwa na nafasi ya kulirudisha neno, ilikuwa pale. Mtoto bado ni wangu mwaka mzima, na mwaka ni mrefu, watu husahau.

"Aje huku," nikasema. "Nami nitamkumbusha huyu kocha."

Kutoka Bujumbura hadi Kigoma Kabula hakunisemesha. Kwenye treni aligawa matobolwa yaliyobaki, akanipa fungu langu la kwanza kama kawaida, kwa mikono miwili, macho dirishani. Akala wa mwisho.

Tuliporudi nilijiuliza langoni itakuwaje. Atashuka kwa ajili yangu kama zamani, au atasimama juu ya baiskeli kama alivyofundishwa kule? Yote mawili nilikuwa nimeyaandalia uso. Hakufanya hata moja. Alikuwa anashuka mbali, kule kwenye kona ya barabara, anaikokota baiskeli mpaka langoni, ananiamkia kama mtembea kwa miguu yeyote, anapita. Adabu yake haikupungua hata chembe. Nani angemkemea? Na uwanjani, mzee muuza asali alipopita na dumu lake, Kabula alisimama juu ya baiskeli mbele yake, magurudumu yakitetemeka, akamwamkia vizuri. Mzee alimzunguka mara mbili kumtazama. Nilimwonea wivu hata muuza asali.

Mwaka mzima ulikwenda hivyo. Mtakapofikwa na hali kama hiyo, fundisheni tu. Msimwombe mtoto awapende. Nilimsaidia hesabu zake, maana ndizo zilizomsumbua, na nyundo yake ilipopasuka nilimchongea nyingine. Nilimwandikia Bosco, nikamkumbusha, kama nilivyosema. Kila nilipofanya hivyo mkono ulikuwa mzito.

Kabula akamaliza. Alifaulu kiasi cha kumridhisha baba yake. Nami mwaka ule ule nikastaafu, nikarudi kwenye kazi ya baba barazani hapa, kwa ufunguo wa spoku na beseni la maji. Rama akawa anakuja kunisaidia na kunichosha kwa maneno.

Siku hiyo alikuwa anasafisha cheni, mimi nagonga spoku moja moja nikisikiliza. Nikasikia tairi kwenye mchanga wa uchochoro wetu. Alikuwa Kabula. Kwenye keria aliyoirudisha amefunga begi la nguo, gunia, na dumu la asali juu yake, mzigo wa kwenda nao Bujumbura. Nilijua anakwenda stesheni. Sikujua kama atapitia kwangu, na kama angepitia nilidhani ataikokota kutoka konani.

Hakuikokota. Alikuja juu ya baiskeli mpaka mbele ya baraza, kwenye mchanga, na mzigo wote ule, akasimama. Gurudumu la mbele limegeuka kidogo. Pedali ziko sawa. Macho hayako kwenye tairi, yananitazama mimi.

"Shikamoo, mwalimu."

Kusimama kwenye saruji na baiskeli tupu ni jambo moja. Mchangani, na asali nyuma, hata Bosco sijui kama angeweza. Keria ililia. Gurudumu likaenda kushoto, likarudi kulia, likaenda kushoto. Mimi nimeshika ufunguo wangu, sijafungua mdomo.

"Mwalimu," Rama akanong'ona, "muitikie mtoto, ataanguka."

"Nyamaza," nikamwambia.

Niliutazama ule mguu. Nilitaka ushuke, siwafichi, ushuke kwa ajili yangu kama ulivyokuwa ukishuka langoni enzi zile, kabla ya yule mtu na mikate yake. Jasho lilimtoka Kabula kwenye paji la uso, na pembeni ya mdomo nikaona anazuia kicheko. Alikuwa anajua ninachongoja.

Nikamcheleweshea marahaba yake kadiri nilivyoweza. Mguu haukugusa chini.